Mafuta ya Mwili na Kisukari (2): Kisa cha Rezistini

Katika sehemu ya kwanza tulisema kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi, na yale yanayozunguka utumbo, hayakai tu kama mahindi ghalani. Yanafanya kazi usiku na mchana, yanamimina protini ndani ya damu, na protini hizo hufika kwenye ini, kwenye misuli, hata kwenye ubongo. Tukaitaja leptini, iliyotambuliwa na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York mwaka 1994. Leo tuna protini ambayo jina lake lenyewe ni tuhuma: rezistini, yaani iletayo usugu wa insulini.

Tuanze na usugu wenyewe, maana swali lake nalisikia kila mara: “Chai nakunywa bila sukari miaka yote hii, mbona naambiwa nina kisukari?” Insulini hutoka kwenye kongosho. Mtu akishakula, wali au ugali ukawa sukari ndani ya damu, insulini huenda kubisha hodi kwenye seli za misuli na za mafuta ili sukari ikaribishwe ndani. Papo hapo huliamuru ini liache kumwaga sukari yake. Seli zikiwa sugu, hodi inapigwa na mlango unafunguka nusu tu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na laweza kuvumilia hivyo kwa miaka mgonjwa asihisi lolote. Likichoka, sukari hupanda, na kipimo husema ni kisukari cha aina ya pili. Ugonjwa uliogunduliwa leo, basi, ulianza zamani, na mara nyingi uliingia pamoja na kile kitambi tulichokisifia kuwa dalili ya maisha mazuri.

Lakini kitambi kiko tumboni na misuli iko mapajani. Habari inafikaje huko?

Fununu ililetwa na dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa wa kisukari walikuwa wakipewa dawa za kundi la thiazolidinedioni, mojawapo ikiwa rosiglitazoni. (Hiyo baadaye ilisimamishwa Ulaya, mwaka 2010, kwa hofu ya madhara ya moyo.) Dawa hizi zilikuwa na fumbo: kipokezi chake kimejaa hasa ndani ya seli za mafuta, ilhali nafuu yake ilionekana pia kwenye misuli na ini. Mitchell Lazar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakawaza kwamba lazima seli ya mafuta inamtuma mjumbe, na dawa inamzuia asitoke. Wakazichunguza seli za mafuta za panya, wakitafuta jeni zinazozimwa na dawa hizo. Waliipata moja, na Januari 2001 wakaitangaza protini yake katika jarida la Nature.

Ushahidi wao ulikuwa mzito. Panya walionenepeshwa walikuwa na rezistini nyingi katika damu. Walipochomwa kingamwili za kuinasa, sukari yao ilishuka na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Panya wazima walipopewa rezistini, miili yao ilianza kushindwa kuimudu sukari. Mwaka 2004 kundi hilohilo lilionyesha kwamba panya waliozalishwa bila jeni ya rezistini huwa na sukari ya chini wanapofunga kula, kwa kuwa ini lao hutengeneza kidogo. Wengi waliamini kiungo kilichokosekana kati ya unene na kisukari kimepatikana.

Kisha wataalamu wakaitafuta kwa binadamu, na mambo yakabadilika. Seli zetu za mafuta karibu hazitengenezi rezistini kabisa. Protini yetu inafanana na ya panya kwa zaidi kidogo ya nusu ya asidi amino zake. Tafiti za damu nazo ziligongana: nyingine zilikuta rezistini imepanda kwa watu wanene, nyingine hazikuona tofauti yoyote.

Inatoka wapi, basi? Kwa binadamu hutengenezwa zaidi na makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu. Dalili ilikuwapo tangu mapema, kwani mwaka 2000 watafiti wengine walikwisha kuielezea familia ya protini hii walipokuwa wakichunguza mapafu ya panya yaliyovimba. Mwaka 2003 maabara mbili za Marekani zikaonyesha kwamba mtu anaponenepa, makrofaji huhamia ndani ya mafuta yake kwa wingi. Huko huleta uvimbe wa chini kwa chini: hauumi kama jipu, hauna homa, lakini kemikali zake huvuruga kazi ya insulini siku baada ya siku.

Mwaka 2009 kundi la Lazar lilijaribu jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Walichukua panya wasio na rezistini yao, wakawapandikizia jeni ya binadamu ifanye kazi ndani ya makrofaji kama ilivyo kwetu. Panya hao walipolishwa chakula cha mafuta mengi, walipata uvimbe ndani ya mafuta na usugu wa insulini haraka. Seli inayoitengeneza ni nyingine, lakini madhara yakawa yaleyale.

Nimerefusha hapa kwa sababu inaniuma kusikia mgonjwa mnene akiambiwa tatizo lake ni ulafi, basi. Ndani yake kuna askari wa kinga waliokusanyika mahali pasipo na adui, na yeye hana habari nao.

Hata hivyo, usiende hospitali kuomba upimwe rezistini. Kwa binadamu bado si kipimo cha kuamulia tiba, na iko pamoja na kemikali nyingine kadhaa zinazofanya kazi ileile. Daktari atakupima sukari ya asubuhi kabla hujala, shinikizo la damu na mzunguko wa kiuno, na hivyo vinatosha kuanzia.

Sehemu ya tatu itahusu adiponektini, protini inayotengenezwa na mafuta yenyewe, lakini hupungua kadiri mafuta yanavyoongezeka.