Dodoma hadi Arusha: Upite Kondoa au Uzunguke Singida?

Ukiwa Dodoma ukauliza njia ya kwenda Arusha, siku hizi utajibiwa neno moja: Kondoa. Zamani aliyetaka kukwepa vumbi alilazimika kuzunguka Singida, au hata Chalinze. Tangu lami ya Dodoma–Babati ilipozinduliwa Aprili 2018, sababu hiyo haipo tena. Njia ya Kondoa ni takriban kilomita 420. Ya Singida, kupitia Manyoni, Katesh na Babati, inakaribia 590. Mwenye kikao Arusha saa nane mchana asijaribu kuzunguka. Lakini kama mmetoka kutembea, watoto wako kiti cha nyuma na hakuna anayewasubiri, mimi naegemea Singida, kwa sharti moja: mlale njiani.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayowatisha wengi. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa hesabu nyepesi tuseme lita ni shilingi 3,000. Noah iliyojaa inayokwenda kilomita 10 kwa lita itatumia shilingi 126,000 kupitia Kondoa na 177,000 kupitia Singida. Tofauti ni 51,000. Gari likiwa na watu sita, hiyo haifiki 9,000 kwa kichwa. Jaza tangi Dodoma, kwa sababu bei kikomo huongezewa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini, na Singida iko mbali zaidi na Dar es Salaam.

Kinachokula fedha kuliko mafuta ni haraka. Njia zote mbili zina vijiji vingi, kila kimoja na kibao chake cha 50, na askari wenye tochi hawakai mbali na vibao hivyo. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000. Ukikamatwa mara mbili umeshavuka ile 51,000 uliyodhani umeiokoa kwa kupita Kondoa.

Wasio na gari nao wana hesabu yao. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria. Kondoa itakugharimu kama 20,400, Singida kama 28,600. Wengi hawajui kwamba, kwa kuwa kiwango kinahesabiwa kwa kilomita, kuvunja safari Singida na kupanda basi lingine kesho yake hakuongezi nauli halali. Watu wanne kwenye basi kwa njia ndefu watalipa kama 114,000, chini ya mafuta ya Noah. Tatizo ni kwamba basi halikusubiri. Sehemu zenye historia ziko nje ya lami, na bodaboda za kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kumsubirisha dereva, zinaweza kuimaliza nafuu hiyo yote.

Kwa historia yenye muhuri, Kondoa inashinda. Michoro ya miambani ya Kolo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Ofisi ya mambo ya kale iko Kolo, kando ya barabara kuu; hapo ndipo unapolipia na kupewa mwongozaji. Kutoka hapo hadi Mungomi, kwenye michoro yenyewe, ni kama kilomita 10 za njia mbaya, na mwisho mnapanda kwa miguu. Wakati wa mvua gari dogo libaki Kolo. Juu kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine na vichwa vilivyotuna kama mtindo wa nywele, wanyama wakiwa pembeni. Mary Leakey alikuja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951. Kwa Warangi pale si makumbusho tu. Matambiko bado yanafanyika, kwa hiyo usiguse utakachokikuta kimewekwa chini ya mwamba. Mbele ya Kolo barabara inapanda milima ya Irangi kwa kona nyingi, na makorongo ya udongo mwekundu yanaonekana. Kwa ajili ya mmomonyoko huo mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo lote lililoathirika. Dereva atakosa kuyaona. Aangalie kona zake.

Singida haina kitu cha kushindana na Kolo kwa jina. Ina Kilimatinde. Baada ya Bahi na Kintinku ardhi inainuka ghafla, ukingo wa Bonde la Ufa, na juu ya ukingo huo, nje kidogo ya lami kuu, ndipo ulipo mji huo mkongwe. Misafara ya pembe na watumwa kati ya Tabora na Bagamoyo ilipita hapa, na Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi. Upande wa magharibi kulianza Mgunda Mkali, pori kavu ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857. Tanzania imeipendekeza Kilimatinde kwa UNESCO pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji kama vituo vya njia hiyo. Reli ya Kati ilipopita Manyoni na kufika Tabora mwaka 1912, mji ukaachwa pembeni. Usitarajie kibanda cha tiketi. Ulizia njia Manyoni, na ukifika anza na wazee wa pale, si na kamera.

Sasa ule usiku. Anayezunguka Singida kwa siku moja amelipia mafuta ya njia ndefu na kuona lami tu. Tenga 40,000 kwa chumba cha gesti safi, zaidi kidogo ukitaka hoteli yenye upepo wa Ziwa Singidani. Ziwa liko mjini hapo hapo, limezungukwa na mawe makubwa yaliyopandiana, na heroe huonekana majini. Uwanja wa mpira, ambao wengi bado wanauita Namfua, sasa unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani. Simulizi zinasema nyuki ndio waliokuwa askari wake. Kwa hiyo gharama halisi ya kuzunguka, kwa familia ya vyumba viwili, ni 51,000 za mafuta na 80,000 za kulala, bila chakula.

Asubuhi, kati ya Singida na Katesh, Mlima Hanang unakuja mbele ya kioo peke yake, mita 3,420, na unakua kwa saa nzima. Hapo peke yake panalipa nusu ya ile ziada, kwa maoni yangu. Katesh ndipo maporomoko ya tope kutoka mlimani yalipoua watu zaidi ya 80 Desemba 3, 2023. Msimu wa mvua kubwa uliza hali ya barabara kabla ya kuondoka Singida. Babati kwenda Arusha ni njia moja kwa wote, ya Minjingu na Makuyuni.

Mwenye siku nne afanye mzunguko. Kwenda apite Singida ili Hanang uwe mbele yake, kurudi apite Kondoa, afike Kolo kabla ya saa nne asubuhi, jua likiwa bado rafiki. Atakosa ule mteremko wa kutoka Manyoni kwenda Kintinku, bonde lote likiwa wazi chini. Anayependa mandhari hiyo kuliko mlima ageuze mzunguko.

Na kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa nchi nzima, na wapitaji wengi huwanunua wakiwa hai. Kwa gari lako hakuna neno. Kwa basi, konda atataka fedha ya mzigo, hivyo patana naye tenga likiwa bado chini. Likishaingia kwenye buti bei anaipanga yeye.