Intakomu za matangazo: Soko dogo, faida kwa anayejua anachouza Mbulu na Hanang

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya sauti wanaolenga wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wamezoea kuuza maikrofoni, spika na mashine za kuchanganya sauti. Bidhaa moja haionekani katika maduka mengi, ingawa ndiyo inayoamua kama matangazo ya moja kwa moja yatakwenda sawa au yatakwama. Nayo ni kifaa cha kuunganisha intakomu ya mafundi na mitambo ya sauti ya studio.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungulia redio na televisheni binafsi milango nchini. Tangu hapo vituo vimeenea hadi wilayani, na Mbulu ina Redio Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu. Ukiongeza makanisa, kumbi na wapiga video wa sherehe, wateja si wengi, lakini wapo.

Kazi za nje nazo hazikosekani. Eneo hili ni chimbuko la wanariadha. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na Gidamis Shahanga wa Katesh alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Mbio za barabarani haziwezi kutangazwa vizuri iwapo fundi aliye mwanzo wa njia hasikilizani na mwenzake aliye mwisho. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Siku kama hiyo wananchi hutegemea redio kwa taarifa, na kituo hakina muda wa kutafuta waya uliokosewa.

TATIZO LIKO WAPI

Intakomu nyingi za studio ni za mtindo wa waya mbili. Sauti inayokwenda na inayorudi hupita njia moja, pamoja na umeme wa volti 30 hivi unaowasha visanduku vinavyovaliwa kiunoni. Mitambo ya matangazo hutumia mtindo wa waya nne: njia moja ya kutuma, nyingine ya kupokea.

Kazi ya kifaa cha kuunganisha ni kutenganisha sauti hizo mbili. Kisipotenganisha vizuri, sauti ya mtu humrudia kama mwangwi, naye hupoteza mtiririko wa maneno. Hali ikizidi, mfumo mzima hupiga mluzi.

Zamani fundi alizungusha skrubu ndogo huku akisikiliza, mpaka mwangwi upungue. Waya ukirefushwa au kisanduku kikiongezwa, alianza upya. Kwa mwenye duka, hiyo maana yake ni kwamba kila mauzo yalifuatwa na safari ya fundi, na safari hizo zilikula faida yote.

WATENGENEZAJI WALIVYORAHISISHA

Vifaa vipya vimeundwa kuondoa usumbufu huo. Mfano ni Model 45DC na Model 45DR za kampuni ya Studio Technologies ya Illinois, Marekani. Mtumiaji hubonyeza kitufe, kifaa hupima waya, hujirekebisha chenyewe na kuhifadhi kipimo. Taa ndogo za mbele huonyesha kama sauti inapita. Waya mmoja wa mtandao huleta umeme na kubeba sauti kwa mfumo wa Dante, ulioanzishwa na Audinate ya Australia, hivyo adapta ya umeme haihitajiki.

Urahisi huo haumwondolei muuzaji wajibu wa kujua mambo manne.

Kwanza, plagi zinafanana lakini waya hazifanani. Katika mfumo wa Clear-Com wa chaneli moja, pini ya 1 ni ardhi, ya 2 umeme na ya 3 sauti. Mfumo wa RTS wa chaneli mbili hupitisha umeme na chaneli ya kwanza katika pini ya 2, na chaneli ya pili katika pini ya 3. Ndiyo sababu 45DC ni ya Clear-Com na 45DR ni ya RTS. Muulize mteja ana intakomu gani kabla ya kuagiza.

Pili, kila chaneli huhitaji kizuizi kimoja tu cha mwisho cha oumu 200, ambacho kwa kawaida kimo ndani ya kisanduku cha umeme wa intakomu. Vikiwa viwili sauti hushuka. Kikikosekana, mluzi huanza.

Tatu, waya wa mtandao wa shaba usizidi mita 100 kati ya kifaa na swichi, na swichi hiyo iwe ya aina inayotoa umeme wa PoE.

Nne, na hapa ndipo wengi wanaweza kupoteza fedha, Dante hutumika ndani ya mtandao wa eneo moja. Usimwahidi mteja kwamba sanduku hili peke yake litaunganisha uwanja wa Katesh na studio ya Mbulu. Safari hiyo huhitaji kodeki za intaneti au kiungo cha masafa ya redio, na vifaa vya kurusha mawimbi vina masharti ya TCRA.

USHAURI KWA WAWEKEZAJI

Mwenye mtaji mdogo asijaze stoo. Aagize kwa oda iliyolipiwa malipo ya awali, aweke akiba ya plagi, waya na swichi, na atoze ada ya ufungaji peke yake badala ya kuificha katika bei ya kifaa. Kwa redio ndogo yenye mtangazaji mmoja nje, mashine ya kuchanganya sauti iliyopangwa impelekee sauti ya studio bila sauti yake mwenyewe inaweza kutosha. Muuzaji anayemweleza mteja ukweli huo hukosa oda moja kubwa, lakini ndiye atakayeitwa kituo kitakapopanuka.