Siti binti Saad: Miaka ya Vyungu (Sehemu ya Kwanza)

Wengi humjua Siti binti Saad kuanzia 1928, alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri za kwanza za taarabu ya Kiswahili. Wakati huo alikuwa mtu mzima, na sauti iliyoingia kwenye santuri ilikwisha kupikwa zamani, huko Fumba, kusini mwa Unguja, alikozaliwa 1880.

Jina la Siti alilipata ukubwani. Kwao aliitwa Mtumwa, na halikuwa jina la utani: baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Mzigua, wote watu wa utumwani. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Uhuru wa namna hiyo ulimwacha mtu palepale, juu ya shamba la mwingine.

Riziki ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Udongo unachimbwa, unatolewa changarawe, unakandwa mpaka ushikane. Chungu kinainuliwa kwa mkono, kinalainishwa, kinaanikwa kivulini polepole, maana jua kali hukipasua. Halafu moto, na moto una yake: vingine hutoka na ufa, na jasho la siku kadhaa limekwenda bure. Vilivyosalimika vilipandishwa kichwani juu ya kata, safari ya miguu hadi mjini, kilomita zipatazo 20.

Mjini aliviuza kwa kuimba. Wanaosema sauti ile ilikuwa kipaji kitupu wanamdhulumu. Mji Mkongwe una vichochoro vyembamba na nyumba za ghorofa. Mchuuzi ambaye wito wake haufiki dirisha la juu anarudi na vyungu vyake. Pumzi ndefu na matamshi yasiyomezwa aliyafanyia mazoezi hapo, chini ya mzigo. Darasa jingine hakuwa nalo: hakusoma wala kuandika. Hata alipokwisha kupata jina, mahasidi walimsimanga kwa nyimbo kwamba alikuja mjini na kaniki.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja, umri wake ukikaribia 31. Aliyemfundisha uimbaji alitoka Nadi Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905, ya wanaume watupu, iliyoimba kwa Kiarabu. Mfinyanzi kutoka Fumba alipenyaje hapo? Tutaanzia hapo toleo lijalo.