Kilo Moja Juu ya Gunia

Viazi vya aina ya Shangi vikishang'olewa Kieni, Nyeri, hujazwa magunia na kupakiwa lori, safari ya Karatina au Nairobi. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Lakini mjazaji akilitikisa gunia mara mbili, viazi hushuka na nafasi ya vingine sita hupatikana. Hapo si lumbesa ya wazi, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezwa wavu juu. Ni kilo moja tu, na mkulima hubaki akijiuliza: mkono umeteleza, au ndivyo anavyonyonywa?

Tuchukue mfano. Mjazaji mwaminifu analenga kilo 50. Magunia yake mengi yatakaribia 50, machache yatakuwa mbali, na ukiyachora utapata umbo la kengele, yaani mtawanyiko wa kawaida. Mkengeuko sanifu, kipimo cha kuteleza kwake, tuseme ni kilo 2. Gunia moja kufika kilo 51 au zaidi ni jambo la mara 31 kwa 100. Humshitaki mtu kwa hilo.

Sasa pima magunia 16, utafute wastani. Makosa ya juu na ya chini hufutana, kwa hiyo wastani hautangatangi kama gunia moja. Gawanya 2 kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani 4: unapata nusu kilo. Wastani wa 51 uko mbali mara mbili ya hapo, na kwa mjazaji mwaminifu hutokea kama mara 2 kwa 100. Ukipima 64, ni kama mara 3 kwa 100,000. Huko si kuteleza tena.

Na kilo hiyo ina bei. Lori la magunia 200 hubeba kilo 200 za bure, magunia manne mazima. Tukichukua bei ya shilingi 30 kwa kilo, ni shilingi 6,000 za mtu aliyepalilia na kunyunyizia dawa miezi mitatu. Inauma.

Kagua mizani kwanza: ikizidisha kilo moja, itazidisha kwa yote, na kipeuo hakiponyi kosa hilo. Wala usipime 16 ya mwisho, yaliyojazwa na mikono iliyochoka jioni. Pima la 12, la 24, la 36, hivyo hivyo hadi la 192.