Bati na Risasi: Majina Katika Kundi la Kaboni

Mchanga wa Ihumwa, katika nchi ya Wagogo, mwingi umetokana na mawe ya itale, na ndani yake mna silikoni iliyoungana na oksijeni. Makaa ya miti nayo ni kaboni. Elementi hizo mbili, pamoja na jemaniamu, bati na risasi, ni za kundi moja, kwa kuwa kila atomu ina elektroni nne za nje. Kadiri kundi linavyoshuka, ndivyo umetali uzidivyo: kaboni si metali, silikoni na jemaniamu ni nusu-metali, bati na risasi ni metali kamili. Tena kaboni aghalabu huungana kwa elektroni zote nne, bali risasi hupendelea mbili.

Hapa lugha yaweza kumpoteza mwanafunzi. Bati la kuezekea kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki si ya kundi hili: huyeyuka kwa nyuzi 420 za sentigredi, hali bati hasa huyeyuka kwa 232. Risasi ya bunduki nayo mara nyingi huvikwa shaba. Basi kamusi haina budi kutenga elementi na kifaa, kila kimoja na maana yake. La sivyo, mwanafunzi atatafuta bati juu ya paa, akute chuma.