Pikapu ya Mlimani Hupimwa kwa Mteremko

Kila msimu wa kahawa unapomalizika katika miteremko ya Ruwenzori, fedha huingia mikononi mwa watu ambao kwa miezi mingi hawakuwa nazo, na katika mji wa Kisinga, wilayani Kasese, huanza tena mazungumzo yale yale: nani atanunua gari, na gari gani. Aghalabu mnunuzi si mtu mmoja. Ni ndugu watatu waliochanga, au ni kikundi cha wakulima kilichochoka kulipa nauli ya magunia kwa mwenye gari wa mjini. Fedha hizo ni jasho la msimu mzima, pengine la misimu mitatu, na gari linalotafutwa karibu daima ni pikapu ya dizeli iliyokwisha tumika kwingine. Likichaguliwa vibaya, hasara haiishii mfukoni, kwa sababu katika nchi ya milima gari bovu huchukua pia waliopanda juu ya magunia.

Ili kuelewa ni gari gani linalofaa, hapana budi kutazama kwanza mahali lenyewe. Kisinga iko pale mlima unapokutana na tambarare. Barabara ya lami itokayo Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, hupita kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Upande mmoja nchi huteremka taratibu hadi Mbuga ya Queen Elizabeth na Ziwa Edward. Upande wa pili barabara ya Kyarumba huanza kupanda kuelekea mashamba, na nyuma ya mashamba hayo ni mlima wenye kilele cha Margherita, meta 5,109. Kahawa, ndizi na maharage hushuka. Chumvi ya Katwe, saruji ya Hima na mabati hupanda, lakini kwa uchache. Kwa hiyo pikapu ya Kisinga kwa kawaida hupanda ikiwa na nafasi na hushuka ikiwa imeshiba.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Swali la kwanza wanalouliza ni nguvu ya injini: je, litapanda? Karibu kila gari la dizeli lililo hai litapanda, hata kama ni kwa gia ya kwanza na kwa moshi mwingi. Swali lenye uzito ni nini kitakacholizuia wakati wa kushuka.

Hesabu yake si ngumu. Pikapu ya kawaida ya aina ya Toyota Hilux hutengenezwa kubeba kiasi cha tani moja, yaani magunia 16 ya kilo 60. Mara kwa mara hupakiwa magunia 30, ambayo ni kilo 1,800. Ukijumlisha uzito wa gari lenyewe, dereva na watu wachache, zinapatikana tani tatu na nusu. Uzito huo ukishuka meta 500 za kimo, joto linalopaswa kumezwa njiani linatosha kuchemsha lita 50 za maji. Ikiwa dereva anategemea kanyagio la breki peke yake, joto lote hilo huingia katika breki za magurudumu manne. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu wa hewa. Yakipata joto huchemka, na kanyagio huwa laini mguuni kama mto wa pamba. Baada ya hapo hakuna ufundi wa dereva unaosaidia sana.

Wapo madereva wanaotia gia huru mteremkoni wakiamini kwamba wanaokoa dizeli. Hiyo ni imani tu. Gari la dizeli linaposhuka likiwa ndani ya gia, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, pampu hukata dizeli. Likiwa katika gia huru, injini huendelea kunywa ili isizimike. Aliyetia gia huru ametupa breki ya injini na hakuokoa hata tone.

Basi ukaguzi wa pikapu ya mlimani uanzie chini na nyuma, mahali ambapo dalali hapendi kuinama. Magurudumu ya nyuma yafunguliwe. Sili ya ekseli ikivuja, mafuta ya difu huingia ndani ya dramu ya breki na kulowesha lainingi, na breki iliyolowa mafuta ni sawa na breki isiyokuwapo. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa fedha kidogo, lakini huonyesha jinsi mwenye gari alivyolitunza. Mafuta ya difu nayo yachunguzwe: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari limepita katika maji yenye kina na maji yakaingia. Tangu mito ya Kasese ilipofurika Mei 2020, jambo hilo halipaswi kuchukuliwa kwa mzaha.

Chasisi ndiyo uti wa mgongo, na ndiyo inayodanganya zaidi. Mahali pa kutazama ni nyuma ya kebini na juu ya springi za nyuma, ambapo chuma hupinda mzigo unapozidi. Ufa uliochomelewa huacha kovu, na kovu hufichwa kwa rangi nyeusi. Rangi mpya ya juu ni pambo, ila rangi mpya ya chini ni swali. Vilevile zihesabiwe springi. Mafundi wengi huongeza majani ya springi ili gari lisikae matako chini, na wenye magari husifu kazi hiyo. Lakini springi zilizoongezwa haziimarishi ekseli, wala beringi, wala breki, wala chasisi. Zinachofanya ni kuficha kuwa gari limeelemewa.

Gia boksi hupimwa mteremkoni, wala si kwenye lami ya tambarare. Gari litiwe gia ya pili, mguu utolewe kwenye mafuta, liachwe lijizuie lenyewe. Gia ikiruka na kujitoa, gia boksi imechakaa, na bei yoyote nafuu iliyotajwa si nafuu tena. Kwa wenye mizigo mikubwa zaidi, malori madogo kama Mitsubishi Canter na Isuzu Elf yana faida ambayo haisemwi vya kutosha: aghalabu huwa na kilango katika bomba la moshi kinachofungwa kwa swichi, na injini ikazuia gari kwa nguvu zaidi. Pikapu nyingi hazina kitu hicho. Mnunuzi ahakikishe kwamba kilango bado kinafanya kazi, maana mara nyingi kimeganda kwa masizi na hakuna aliyejali.

Injini ina mambo yake, nayo yafaa ikutwe ya baridi. Mnunuzi afike asubuhi bila kutangulia kutoa taarifa, aweke mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, kuna aliyeiwasha mapema ili kuficha uzito wake wa kuwaka. Moshi mweupe wa dakika moja asubuhi yenye baridi si ugonjwa. Ukiendelea, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, gasketi ya silinda hedi ishukiwe. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi hutokana na nozeli mbovu au hewa kidogo, na tiba yake huenda ikawa chujio la hewa lililojaa vumbi la Kyarumba. Kisha kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwa inanguruma polepole. Mvuke kidogo ni kawaida. Upepo unaosukuma kwa vishindo ni ishara kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Wauzaji wengine hutia oili nzito ili kuituliza injini ya namna hiyo kwa siku chache.

Lipo jambo jingine linalofanya uchaguzi wa siku hizi kuwa mgumu kuliko wa zamani. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Sheria hizo zina sababu zake, za moshi na za ajali. Lakini matokeo yake huko Kisinga ni kwamba Hilux zenye injini sahili za 3L na 5L, au Dyna ya 14B, ambazo fundi wa chini ya mwembe huzifungua kwa spana za kawaida, sehemu kubwa ni zile zilizokwisha kuwamo nchini, zikizidi kuzeeka na kupita mkono hadi mkono. Hilux zilizofuata, zenye injini za D-4D za lita 2.5 na 3.0, huongozwa na kompyuta, na dizeli yake husukumwa kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 ya shinikizo la hewa. Zina nguvu na hula dizeli kwa kiasi. Hata hivyo nozeli zake hazivumilii maji wala mchanga, na dizeli ya mlimani mara nyingi hutoka katika jerikeni.

Kwa kazi ya Kisinga, gari la zamani lenye chasisi nzima linafaa kuliko jipya ambalo nozeli zake hazijulikani. Gari la zamani lenye chasisi iliyovunjika ni baya kuliko yote mawili, hata injini yake ikiimba vizuri namna gani. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, isiyo na turbo, inastahimili zaidi ya zote, na hupatikana pale mashirika na taasisi zinapouza magari yao kwa mnada. Bei yake ni kubwa na hunywa sana. Kikundi kidogo kisijidanganye. Katika injini hiyo ya 1HZ, na katika 3L na 5L, kuna mkanda wa taimingi. Ukikatika, pistoni hugonga vali. Ikiwa muuzaji hana uthibitisho wa siku ulipobadilishwa, gharama ya kuubadilisha iondolewe katika bei.

Karatasi nazo zina hila, hasa karibu na mpaka. Huko Kongo magari huendeshwa upande wa kulia, na pikapu yenye usukani wa kushoto huweza kuonekana Bwera kwa bei ya kushangaza. Bei hiyo mara nyingi haina ushuru wa forodha ndani yake, na mwenye kuinunua hununua pia kesi. Namba iliyogongwa kwenye chasisi isomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi, herufi kwa herufi. Kadi iwe ile halisi. Muuzaji anayeonyesha nakala tu huenda ameiweka kadi rehani kwa mkopeshaji, na deni hilo litamfuata mnunuzi hadi shambani.

Kabla ya fedha kuhesabiwa, gari lipelekwe Kyarumba likiwa na mzigo wa tani moja, pamoja na fundi ambaye halipwi na dalali. Lishuke kwa gia ya pili. Huko chini lisimamishwe, na mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imeshika. Likiwa baridi peke yake, breki yake haifanyi kazi. Muuzaji atakayekataa safari hiyo aachwe na gari lake. Na katika fedha za kikundi ibaki sehemu ya lainingi mpya, mafuta mapya ya breki na matairi manne, ambavyo vyote vifungwe kabla ya gunia la kwanza kupakiwa.