Gatumba, Arusha na bunduki zisizozungumzwa

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mfanyabiashara yeyote anayevuka kwenda Uvira anaijua Gatumba. Ni mji mdogo wa njiani, kabla tu ya mpaka wa Kongo, na mizigo mingi ya pande zote mbili hupita hapo.

Usiku wa Jumapili, Septemba 18, 2011, watu wenye silaha waliivamia baa moja mjini humo, Chez les Amis, wakawamiminia risasi waliokuwa wakinywa. Watu wasiopungua 36 waliuawa. Hazikupita siku nyingi, serikali ikatoa amri: kwa siku 30 chombo chochote cha habari kisichapishe, kisitangaze wala kisichambue jambo lolote linalohusu uchunguzi wa mauaji hayo.

Hoja ya kuulinda uchunguzi ina uzito wake. Lakini siku 30 kwa mtu anayepita barabara ile mara tatu kwa wiki ni safari kumi na zaidi bila kujua nani alifyatua risasi, alikuja kutoka wapi na kama bado yuko karibu.

Mwaka huohuo, Januari 8, mtu mmoja alifyatua risasi nje ya duka mjini Tucson, Marekani, akaua watu sita na kumjeruhi vibaya mbunge Gabrielle Giffords. Huko hakuna aliyekatazwa kusema. Televisheni zilikesha na habari hiyo, wanasiasa wakarushiana lawama, wengine wakadai sheria ya bunduki ikazwe, wengine wakajibu kwamba katiba yao inampa raia haki ya kumiliki silaha. Desemba 2012 yakaja mauaji ya shule ya Sandy Hook, watoto 20 na watu wazima sita. Mjadala ukawa mkali zaidi. Aprili 2013 pendekezo la kuchunguza historia ya wanunuzi zaidi wa bunduki lilipata kura 54 za maseneta dhidi ya 46, likakwama kwa sababu lilihitaji 60. Sheria ya maana ilisubiri hadi Juni 2022, mwezi mmoja baada ya wanafunzi 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, Texas.

Na msidhani kwamba Marekani hakuna kufunga midomo kabisa. Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1996, masharti ya Bunge yaliifanya taasisi yao ya kudhibiti magonjwa iogope kutafiti vifo vya bunduki kwa fedha za umma.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Wao wana maneno mengi na sheria chache. Sisi sheria ipo, ila maneno ndiyo yaliyopungua. Vita vilivyoanza 1993 viliacha silaha vitandani na chini ya ardhi. Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey uliotolewa 2007 ulikadiria kuwa kaya 100,000 hivi za Burundi zilikuwa na bunduki. Serikali haikukaa kimya. Iliunda tume ya kuwapokonya raia silaha, na mwaka 2009 ikawaita watu wazirudishe kwa hiari kabla ya kushitakiwa, huku waliorudisha wakipewa vitu kama saruji na vitenge. Agosti mwaka huo ikapatikana sheria ya silaha ndogo. Burundi pia imo katika Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayozitaka nchi za kanda hii zidhibiti silaha hizo kwa pamoja.

Kubadilishana bunduki kwa mfuko wa saruji ni biashara ambayo hata mimi ningeisifu. Ugumu ulianza pale swali lilipogeuka. Kuuliza raia amebaki na silaha ngapi kuliruhusiwa. Kuuliza nani anagawa mpya kulikuwa jambo jingine. Aprili 2014 waraka wa ndani wa ofisi ya Umoja wa Mataifa hapa Bujumbura ulivuja, ukitaja madai kwamba vijana wa Imbonerakure, tawi la vijana la chama tawala, walikuwa wakipewa silaha. Serikali ilikanusha, na ofisa mmoja wa ofisi hiyo akafukuzwa nchini. Mwezi uliofuata mtetezi wa haki za binadamu Pierre Claver Mbonimpa alisema kupitia redio ya RPA kwamba vijana walikuwa wakipelekwa Kongo kwa mafunzo ya kijeshi. Alikamatwa katikati ya Mei, akakaa gerezani hadi Septemba. Agosti 2015 alipigwa risasi mjini Bujumbura, akanusurika.

Wakati huo ilikuwepo sheria ya habari ya Juni 2013. Iliwataka waandishi wataje vyanzo vyao kwa mamlaka pale habari inapogusa usalama wa taifa, na iliwabana hata kuhusu uthabiti wa sarafu. Hili la sarafu naomba msomaji wa Ruvumera alisome mara mbili. Sheria iliyombana mwandishi asiulize kuhusu bunduki ndiyo hiyohiyo iliyombana asiulize kwa nini faranga inashuka.

Chama cha waandishi wa Burundi kiliipeleka sheria hiyo Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hukumu ilisomwa Mei 15, 2015. Majaji walisema vifungu kadhaa, vikiwemo vile vya sarafu na vya kutaja vyanzo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ushindi, bila shaka. Ila siku mbili tu kabla ya hapo kulikuwa na jaribio la mapinduzi Bujumbura, na katika mapigano yaliyofuata studio za RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema zilishambuliwa na kuharibiwa. Waandishi waliporuhusiwa na majaji kusema, wengi hawakuwa na kipaza sauti cha kusemea, na wengine walikuwa wameanza kukimbia nchi.

Isanganiro na Rema zilirudi hewani mwaka 2016, Bonesha 2021. Lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kujengeka. Anayetaka kujua hali ya barabara humpigia dereva, au husikiliza sauti zinazosambazwa WhatsApp, ambazo hakuna anayejua zimerekodiwa lini. Uvumi mmoja unatosha kuacha tani za samaki zioze upande wa pili, au kumpeleka mtu mahali ambapo hakupaswa kwenda.

Desemba 22, 2023, kundi la RED-Tabara lilishambulia Vugizo, si mbali na Gatumba. Serikali ilisema watu 20 waliuawa, wengi wao raia. Kundi hilo lilikiri kushambulia lakini likasema liliwalenga askari. Burundi ikailaumu Rwanda, Rwanda ikakanusha, na Januari 11, 2024 mipaka kati ya nchi hizo ikafungwa. Risasi za Vugizo zilifunga biashara ya watu wa Kayanza na Kirundo ambao pengine hawajawahi kufika Gatumba.

Mlango wa Arusha, hata hivyo, haukujengwa kwa ajili ya waandishi peke yao. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, muuza vitenge au mwenye lori, kupinga sheria au amri ya serikali anayoona inavunja Mkataba. Muda ni miezi miwili tu, tangu amri itolewe au tangu mlalamikaji aijue.